Gauni la Mananasi

Nilinunua gauni hilo kwa ajili ya karamu ambayo sikuifikia. Wenzangu tuliosoma nao sekondari walikuwa wamepanga kukutana katika hoteli moja mjini Thika, wanawake peke yetu, wote tukiwa tumeshapita miaka arobaini. Mmoja wao akaandika kwenye kikundi chetu cha simu kwamba ni lazima kila mtu aje na gauni refu la jioni. Sikuwa na gauni refu la jioni. Nilikuwa na sketi za kazini, suti mbili za kanisa, na rinda moja la kitenge nililoshonewa kwa harusi ya binamu yangu, ambalo zipu yake ilikuwa imekataa kunijua tena.

Wakati huo nilikuwa nimeishi peke yangu Ruiru kwa miaka tisa. Kazi yangu ni kutunza maabara ya shule ya upili. Naosha mirija na chupa, napanga dawa kwenye rafu, natayarisha meza kabla wanafunzi hawajaingia, kisha nasafisha wakishatoka. Walimu wanapita mlangoni wakiniamkua, nami nawaamkua. Wazazi wangu, waliotulea Makongeni, walikuwa wameshafariki, na ndugu yangu wa pekee anaishi Mombasa na mke wake. Kuna wikendi nilizokuwa nikifunga mlango Ijumaa jioni na neno la kwanza kumwambia mtu likawa ni la kumshukuru mwuza mboga Jumapili. Kwa hiyo karamu ile niliingoja kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote.

Gauni niliona picha yake kwenye ukurasa wa watu wanaouza vitu vya nyumbani Thika. Lilikuwa limetundikwa mlangoni, na chini yake mtu ameandika kwamba ni la hariri, la mbunifu wa Italia, limevaliwa kidogo sana. Nilipopiga simu, msichana aliyejibu alisema ni la shangazi yake, niende mwenyewe Kiganjo nikalijaribu, kwa sababu shangazi hataki kulituma kwa mtu asiyemjua.

Nilienda Jumamosi asubuhi. Alikuwa mama wa miaka kama sabini, mrefu, miguu imevimba, na alitembea akishika migongo ya viti. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili vya kupanga, lakini makochi yalikuwa ya nyumba kubwa. Ilibidi nipite upande upande kati ya kochi na kabati la vyombo ndipo nifike chumbani.

"Ni wewe wa gauni?" aliniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ni mwembamba kuliko nilivyokuwa mimi nikilivaa. Lakini tutaona."

Lilikuwa juu ya kitanda, limefunikwa shuka jeupe. Alipolifunua nilirudi nyuma kidogo. Picha haikuwa imesema ukweli wote. Kitambaa kilikuwa cheusi, na juu yake mananasi ya manjano, kila nanasi refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na majani ya kijani yamechomoza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Nanasi moja lilikaa kifuani kabisa. Mengine yalishuka hadi miguuni. Sikuwa nimewahi kuvaa kitu cha namna hiyo maishani. Rangi zangu ni kahawia na samawati ya kiza.

"Mzee wangu alifanya kazi ya mananasi maisha yake yote," alisema, akiketi pembeni mwa kitanda. "Alienda Ulaya mara moja tu, kikazi. Akapita kwa duka la nguo zilizovaliwa, akaliona kwa dirisha. Alirudi akaniambia ameniletea shamba."

"Ukafurahi?"

"Nilinuna wiki nzima. Nilimwambia, mimi naamka na mananasi, nalala na mananasi, sasa niyavae pia?" Akalipapasa pindo. "Nililivaa mara moja. Siku ya kumuaga kazini. Tulipoingia watu walisimama, wakapiga makofi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Yeye alikuwa anacheka tu."

Mzee huyo alikuwa ameshafariki. Nyumba yao kubwa iliuzwa, na bintiye akamtafutia hii ya Kiganjo kwa sababu hospitali iko karibu. Nilimuuliza kwa nini analiuza gauni.

"Binti yangu anasema vitu vimejaa. Na vimejaa, si unaona?"

Nililivaa. Alisimama kwa shida, akaja nyuma yangu na kunifunga zipu taratibu, mkono mmoja ukiwa umenibana begani ili asianguke. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu mwingine kunigusa mgongo, nikashindwa.

"Geuka," alisema. Nikageuka. "Tembea mpaka kwa mlango." Nikatembea, nikijibana kati ya makochi.

"Chukua. Lakini ukienda hiyo karamu utaniambia ilikuwaje. Namba yako nimeihifadhi."

Wiki mbili zilizofuata kikundi cha simu kilinyamaza. Nilifikiri karamu imeahirishwa, na watu wana shughuli zao. Siku yenyewe ilipofika niliuliza kwenye kikundi, "Jamani, bado iko?" Hakuna aliyejibu. Nilikaa na gauni limetundikwa kwenye mlango wa chumba, nimeshasuka nywele, nikiangalia simu. Kesho yake asubuhi nikaona picha. Mmoja wao alikuwa ameziweka pale watu wanapoweka picha zao za siku. Wanawake kama ishirini hivi, wamevaa magauni marefu, wamesimama kwenye ngazi za hoteli wakicheka.

Nilimwandikia aliyeziweka. Alinijibu siku ya pili. "Ai, kwani hukuongezwa kwa ile group mpya? Pole sana dear, tulidhani uko."

Tulidhani uko. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama kwenye sinki la maabara, maji yakimwagika. Hawakuwa wamenifukuza. Wala hawakuwa wamenisema vibaya. Walihesabiana, wakapigana picha, wakala, wakaagana, na katika hayo yote hakuna aliyegundua kwamba kuna mtu hayupo.

Jumapili iliyofuata, saa kumi alasiri, simu ikalia. Ni yule mama wa Kiganjo.

"Haya, niambie. Ilikuwaje?"

Nilifungua kinywa nimwambie sikwenda. Nikajisikia nikisema, "Ilikuwa nzuri sana, mama."

"Walisema nini wakiona mananasi?"

"Walisimama."

Sijui kwa nini nilichagua neno lake mwenyewe. Upande wa pili nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akataka kujua kila kitu, nami nikamweleza nikitazama zile picha kwenye kumbukumbu yangu. Nilimweleza ngazi za hoteli, taa, nani alivaa nyekundu, nani alikuwa amenenepa, chakula kilikuwa nini. Nilimwambia mwanamke mmoja alikuja kunishika kitambaa na kuniuliza nimekitoa wapi. Hiyo niliitunga. Alicheka hadi akakohoa.

"Mami, umenifurahisha leo," alisema. "Ukilivaa tena uniambie."

Jumapili ya pili alipiga tena, saa ile ile. Nilimwambia nimealikwa harusi. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimetoka kwenye harusi hiyo. Baadaye ikaja sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu, kisha chakula cha jioni cha akina mama wa kanisa, kisha mwaliko wa mwalimu wa jiografia, mjane wa kiume aliyekuwa akifundisha kwetu, ambaye kwa kweli tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya kuulizana kama stima imerudi taa zinapozimika. Katika masimulizi yangu alinivutia kiti. Yule mama alimpenda mara moja.

"Huyo anakunywa?"

"Hapana, mama."

"Watoto wake wako wapi?"

"Wameshakuwa wakubwa."

"Basi usijifanye una haraka. Lakini usijifanye huna pia."

Nilikuwa nikitunga mambo hayo wiki nzima, nikikausha chupa, nikipanda ngazi za kwangu na mfuko wa unga. Niliyafanya kwa bidii. Nilijua mezani nitaketi wapi, nani atachelewa, mvua itanyesha saa ngapi. Na yeye alikuwa hasahau kitu. Akiniuliza kuhusu mtu niliyemtaja wiki tatu nyuma, ilibidi niwe namkumbuka. Mpwa wake, yule msichana wa simu, aliwahi kuniambia kwamba Jumapili shangazi anakula mapema, anapanguswa miguu, kisha anaketi karibu na dirisha ambapo mtandao unashika vizuri, na haruhusu mtu kumwita mpaka simu iishe.

Nami nilikuwa vivyo hivyo. Nilitoka kanisani bila kusimama uwanjani. Saa tisa na nusu nilikuwa nimeshaweka chai, nimekaa kitandani, nimeegemea ukuta. Gauni lilikuwa palepale mlangoni, halijatoka nje ya nyumba hata siku moja.

Kisha akaomba picha. Mpwa alikuwa amemfundisha jinsi ya kuifungua kwenye simu.

"Nataka nione tu. Moja. Hata ukiwa umeketi."

Ningeweza kujipiga picha nyumbani, lakini angeuona ukuta wangu na jiko la gesi. Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Nililivaa gauni lile mchana kweupe, nikahangaika na zipu mpaka nikafunga kwa kutumia uzi niliouingiza kwenye tundu lake na kuuvuta juu ya bega. Nikajifunga leso mbili juu yake, nikashuka ngazi. Mwenye boda boda aliniambia, "Madam, kusanya hiyo nguo vizuri isiingie kwa tairi," nikaikusanya yote kifuani kama mtu aliyebeba nguo za kufua.

Kuna hoteli moja yenye bustani, si mbali na barabara ya kwenda Kamiti. Niliondoa leso kwenye choo, nikazikunja ndani ya mkoba, nikatoka na mananasi yangu yote kwenye jua. Familia zilikuwa zimejaa kwenye nyasi. Watu waligeuka. Hawakucheka, waliangalia tu, kisha wakarudi kwa sahani zao. Mwanamke mmoja alimtafuta mwenzangu kwa macho, nyuma yangu, upande huu na upande ule. Nilikaa kwenye meza iliyokuwa pembeni. Niliagiza chai na maandazi, na ilipoletwa nikamwomba mhudumu anipige picha.

"Mmoja tu, ama tungoje wengine?" aliuliza.

"Nipige tu."

Niliituma hapo hapo, kabla sijajionea aibu. Nikanywa chai haraka, nikarudi nyumbani. Saa kumi simu ikalia.

"Umependeza," alisema. "Lakini umekonda."

"Asante, mama."

"Hapa ndipo mlienda na yule mwalimu?"

"Ndiyo."

Nilisikia redio ya jirani yake.

"Mbona kikombe ni kimoja?"

Nilikuwa na majibu. Ningesema mwalimu ndiye aliyepiga picha na kikombe chake hakijaletwa. Ningesema hanywi chai. Maneno yalikuwa tayari, nimeshazoea kuyatunga, lakini sikuyatumia. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia hakuna mwalimu, hakuna harusi, mwalimu mkuu hajaagwa na mtu yeyote, bado yuko ofisini. Nikamwambia hata ile karamu ya kwanza sikualikwa, au nilialikwa wakasahau. Nilimwambia gauni halijatoka nyumbani kwangu mpaka leo mchana.

Sikumsikia akilia wala kukasirika. Alisema, "Sawa. Nimesikia." Simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Wiki ya pili nilimpigia mimi, haikushikwa. Nilimtumia ujumbe wa kuomba msamaha, nikaufuta, nikautuma tena ukiwa mfupi zaidi. Ndipo nilipoona vizuri nilivyokuwa nikiishi. Nilikuwa nimemdanganya mama wa watu kwa karibu miezi miwili, na wakati huo huo sauti yake ndiyo pekee katika wiki nzima iliyokuwa ikiuliza habari zangu na kungoja jibu. Nyumba ilinikaa mabegani. Usafi niliumaliza saa tatu asubuhi, nikaanza upya.

Jumamosi ya tatu nilikunja gauni, nikalitia kwenye mfuko, nikaenda Kiganjo. Mpwa alinifungulia mlango, akaenda zake jikoni. Yule mama alikuwa kwenye kochi, miguu imewekwa juu ya kiti kingine. Hakunikaribisha, lakini alisogeza mto ili nipate pa kukaa.

"Nimekuletea gauni lako, mama. Sitaki pesa."

"Ya nini? Nililiuza. Hilo ni lako."

"Nimelitumia vibaya."

"Hukulitumia," alisema. "Hiyo ndiyo shida."

Alikuwa ameangalia mfuko ulio magotini mwangu, si mimi.

"Unajua niliwaambia watu?" alisema baadaye. "Nilimwambia binti yangu. Nilimwambia huyu jirani wa mlango wa pili, na yule daktari wa miguu. Nikawaambia gauni langu limepata mtu, linaenda kila mahali, na huyo mtu karibu apate bwana. Jirani ananiuliza mpaka leo harusi ni lini. Nimwambie nini mimi?"

"Nisamehe."

"Sijakasirika sana." Akafikiri. "Nimekasirika. Lakini zaidi nimeona aibu. Mtu mzima kama mimi, naketi kwa dirisha kungoja hadithi."

"Hata mimi nilikuwa nangoja."

Hapo aliniangalia. Mpwa alileta chai, akaweka kati yetu, akaondoka. Tulikunywa. Aliniuliza nililelewa wapi, nikamwambia Makongeni, nikamwelekeza upande. Akasema anapajua, alikuwa na rafiki hapo zamani. Hakutaka nilivae gauni tena mbele yake, na wala sikumwomba. Nilipoinuka na mfuko wangu kuondoka alinishika kifundo cha mkono.

"Ukinipigia, usinipe sherehe. Niambie umepika nini."

"Mama, napika vitu vya kawaida tu."

"Basi uniambie hivyo vya kawaida."

Haikuwa rahisi. Jumapili ile nilimwambia nimepika ndengu. Akasema yeye amekula viazi na kabeji. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Tulikuwa tumezoea mazungumzo ya saa nzima, sasa dakika nne zilitushinda. Nilimweleza mvua, yeye akanieleza miguu. Kuna siku nilitamani sana kumtungia hata kitu kidogo, kuchelewa kwa gari, kugombana na mtu sokoni, na ninaamini alikuwa akitamani pia, kwa jinsi alivyosema "Mmh?" na kungoja. Sikumtungia.

Baada ya miezi miwili au mitatu hivi, mwalimu wa kike wa kemia, bado kijana, alikuja maabara akilalamika kwamba dada yake anaposwa na yeye hana cha kuvaa ambacho wageni hawajaona. Nikamwambia kuhusu gauni, nikamwazima. Alilirudisha siku ya Jumatatu likiwa na doa la mchuzi kwenye nanasi moja na pindo limefumuka nusu mzunguko, ameona haya hata kuniangalia. Nilimwambia asijali. Sikungoja Jumapili. Nilimpigia yule mama siku hiyo hiyo, nikiwa bado na aproni.

"Alicheza?" aliniuliza.

"Alicheza mpaka pindo likafumuka."

"Na hiyo ni ya kweli?"

"Ya kweli, mama. Ninalo hapa mkononi. Linanuka mchuzi wa mbuzi."

Alicheka kama zamani, mpaka kikohozi kikamshika na mpwa akaja kuchukua simu. Doa lilitoka kwa sabuni ya kipande. Pindo nililishona mwenyewe, si vizuri sana.

Mwaka uliofuata binti yake alimhamishia kwake Nakuru. Nilikwenda kumuaga lakini nilichelewa, lori lilikuwa limeshaondoka na makochi, na jirani alikuwa akifagia mlango wake. Tuliendelea kupigiana simu, siku yoyote ile, anapokumbuka au ninapokumbuka. Masikio yake sasa hayashiki vizuri, hivyo mengi nayasema mara mbili.

Mara ya mwisho ilikuwa siku ya kazi, alasiri, wanafunzi wameshatoka.

"Umefanya nini leo?" aliuliza.

"Nimeosha madirisha ya maabara."

"Umeosha nini?"

"Madirisha."

"Ni mengi?"

"Kumi na mawili."

"Hayo ni mengi," alisema. "Mimi niko kwa jua. Wamenitoa nje."

Nilimuuliza kama jua ni kali, hakunisikia. Sikurudia. Nilimsikia akipumua, na mbali huko mtu akipasua kuni. Hakukata simu, na mimi sikukata. Tulikaa hivyo, kila mmoja kwake, mpaka mtandao ukapotea wenyewe.